Gari nyepesi ya kufurahia kona: Roadster, MR-S au 86? Njia yangu ni Mombo–Soni

Segera_Junction

Wakuu heshima kwenu, wakubwa shikamooni.

Niko Tanga mjini, nina Altezza RS200 ya mwaka 2000, manyuo gia sita, mwaka wa sita huu niko nayo na injini sijawahi kuifungua. Wakwe zangu wako Soni kwa hiyo kila baada ya wiki mbili napanda mlima kutokea Mombo. Wanaoijua hiyo njia wanaelewa, kilomita 30 na ushee hadi Lushoto na karibu yote ni kona, ukuta wa mlima upande mmoja korongo upande mwingine, Fuso za kabichi zinashuka zimejaza hadi juu na kila kona lazima upige honi.

Sasa kisa kilichonileta hapa. Mwezi uliopita Altezza ilikuwa gereji, shemeji akaniazima Suzuki Swift yake, ile ya CC 1300 ya kawaida kabisa, otomatiki tena, na ina kopa kubwa jekundu la stika kwenye kioo cha nyuma. Nimetoka Tanga nimenuna. Kufika Mombo naanza kupanda, kona ya tano hivi nikajikuta natabasamu peke yangu kama mwehu. Ki-Swift ukikigusa sterlingi kishageuka, ukigusa breki kimetulia, unakitupia kona inayofuata nacho kiko tayari, na mshale wala haujavuka 50. Altezza kwenye karatasi ina nguvu za farasi 210, Swift ya shemeji haifiki hata 100. Nimerudi nimekaa kwenye Altezza naona kama naendesha kabati la nguo.

Kwa hiyo nimeamua, nataka gari ya pili ya kujifurahisha tu, nyepesi, gia za mkono, ikiwezekana isukumwe na tairi za nyuma. Sitafuti ya kumaliza kisahani na sipigi ligi na mtu, nina watoto wawili. Bajeti milioni 40 hadi iwe na namba. Nimekuwa naangalia Mazda Roadster, Toyota MR-S na Toyota 86. Aliyewahi kumiliki aseme ukweli, spea, matuta, joto la Tanga, kila kitu. Angalizo: wakwe hawajawahi kuniacha nishuke bila gunia la viazi.

Kisahani_180

Milioni 40 halafu unanunua Mazda ya CC 1600 ya viti viwili?? Mkuu chukua Crown Athlete V6, hapo Segera–Chalinze unawaacha wote, kiyoyozi kinapuliza barafu na viazi magunia matatu vinaingia kwenye buti. Hizo roadster ni gari za kuendea ufukweni.

Fundi_Bushi

Athlete ni gari nzuri ila mwenzio hakuuliza ya Segera–Chalinze, kauliza ya Mombo–Soni. Ni mitihani miwili tofauti.

Segera nikujibu swali lako lililojificha, kwa nini ki-Swift kilikufurahisha. Sababu kubwa ni uzito. Altezza inacheza kwenye kilo 1,340, Swift ile ni kama tani moja tu, na Roadster ya kwanza kabisa, ile ya taa za kuchomoza, iko kama kilo 940. Kutoka Altezza hadi Roadster umeshusha kilo 400. Mifuko minane ya simenti hiyo. Hebu pakia mifuko minane ya simenti kwenye Altezza yako kesho halafu panda nayo Soni uone. Kila unapokata kona tairi nne hizo hizo ndo zinazobeba kazi ya kuuvuta huo mzigo ubadili njia, kila unapokanyaga breki huo mwendo wote unageuzwa joto kwenye diski, ndo maana pale chini Mombo unasikia Fuso zinanuka breki. Gari nyepesi inaomba kidogo kwa tairi, kwa breki, kwa springi, kwa hiyo fundi aliyeiunda hakulazimika kuweka springi ngumu kama mbao ili isilale kwenye kona. Inakuwa laini kwenye mashimo na bado inageuka. Farasi zinakuja baadaye sana kwenye hesabu hii, hasa kwenye njia ambayo ukivuka 60 unatafuta korongo.

Ila sasa na mimi nikuulize, usikasirike. Bushi za Altezza, zile raba za kwenye maungio ya miguu, umebadilisha lini? Na bol-joint za chini mbele? Shokapu ni zile zile ilizokuja nazo? Gari ya mwaka 2000 iliyokaa na bushi zake za Japani, mpira umeshapasuka na kulegea, ukikata sterlingi mkono unaenda kwanza halafu gari inafikiria halafu ndo tairi zinafuata. Hilo ndo kabati lako. Angalia na tairi pia, pembeni kuna tarakimu nne za mwisho kwenye ile namba ya DOT, ikisoma 2317 maana yake imetengenezwa wiki ya 23 mwaka 2017. Watu wananunua tairi ina kashata bado nene wanafurahi kumbe mpira umekauka kama kandambili ya mwaka juzi.

Simaanishi usinunue Roadster. Nasema kabla hujatoa milioni 40, toa kwanza za bushi, tairi na alaimenti, maana hata hiyo utakayoagiza itakuja na ugonjwa huo huo.

Segera_Junction

Duh. Bushi sijawahi kugusa fundi, tairi nilinunua used. Umenipata hapo.

mama_MRS

Habari za humu. Mimi niko Moshi, nina MR-S mwaka wa nne sasa, manyuo gia tano ya mwaka 2000. Naona watu wanaongelea gari hii kwa kusikia tu kwa hiyo ngoja niseme ya kwangu, mazuri na mabaya.

Kwanza uzuri wake mkubwa kwa sisi wa huku, injini ni 1ZZ, ile ile iliyo kwenye Wish, Allion na Premio za CC 1800. Pampu ya maji, koili, thermostati, filta, naingia duka lolote la spea nasema nataka ya Wish, sisemi nina gari gani maana ukitaja spoti bei inapanda hapo hapo. Kilichobadilika ni kwamba injini imewekwa nyuma ya viti, mbele kuna tairi ya spea na kibetri. Uzito haufiki tani moja kwa modeli za mwanzo. Sterlingi ni nyepesi na inaongea, yaani changarawe ikipita chini ya tairi ya mbele unaijua kwa vidole.

Sasa mabaya. Injini ya katikati ina tabia yake. Unapoingia kona kwa kasi halafu ukashtuka ukaachia mafuta ghafla, uzito unahamia mbele, tairi za nyuma zinapungukiwa mshiko na ule uzito wote wa injini uko nyuma yako unataka kukupita. Mimi ilinikuta barabara ya Marangu kwenda Rombo, mvua inanyesha rasharasha, nimekutana na ng'ombe kwenye kona, nikaachia mafuta na kugusa breki pamoja. Mkia ulitoka nikajikuta naangalia nilikotoka. Ng'ombe alikuwa mtulivu kuliko mimi. Sikugonga kitu, namshukuru Mungu, ila siku ile ndo nilijifunza breki ni kabla ya kona, ndani ya kona mguu wa kulia unatulia. Altezza ingenisamehe pale, na nadhani Roadster pia.

La pili, tairi za mbele na nyuma ni saizi tofauti, 185/55 mbele na 205/50 nyuma, zote 15. Ya nyuma inasumbua kupata, na huwezi kuhamisha za mbele nyuma zikalika sawa.

La tatu ukiagiza, angalia sana. Injini za miaka ya mwanzo zinakunywa oili, pistoni zake zina vitundu vya kurudisha oili vinaziba. Halafu kwenye manifoldi ya ekzosi kuna vikatalisti viwili vidogo vya mwanzo, vile vichujio vya kusafisha moshi, vikizeeka vinamung'unyuka na ule unga unaweza kunyonywa ukarudi ndani ya silinda ukazikwaruza. Hapo ndo unasikia mtu anasema MR-S mbovu. Mimi nilibadilisha manifoldi mapema. Na usichukue ile ya SMT, haina pedeli ya klachi, inabadilisha gia kwa pampu ya haidroliki, siku pampu ikigoma gari haiingii gia na fundi wa kuijua ni wa kutafuta kwa tochi.

Viazi: hapana. Nyuma ya viti kuna kisanduku kinaingia begi moja na kilo mbili za sukari. Mume wangu anaiita pikipiki yenye milango.

Likoni_Feri

Majirani zetu wa Tanga hamjambo. Mie niko Mombasa, hapa kwetu hiyo Roadster ya taa za kuchomoza na hiyo MR-S haziingii tena, sheria ni gari lisizidi umri wa miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hivyo zilizopo nchini ni zile za zamani na mwenye nayo hauzi, na akiuza anataka bei ya shamba.

Mie nilichofanya nikachukua Swift Sport ZC33S. Bwana Segera wewe umeshajijibu mwenyewe hapo juu, ulipenda Swift basi chukua kakaye! Ni kilo 970 kwa ile ya manyuo ya soko la Japani, injini ndogo ya CC 1400 ina turbo, farasi 140, na nguvu inaanza chini kabisa huna haja ya kuipigisha kelele. Milango mitano, kiyoyozi baridi, na viazi vya mama mkwe vinaingia. Kweli inavutwa na tairi za mbele, ukizidisha kwenye kona pua inakimbilia nje, lakini unaachia mafuta kidogo tu yenyewe inarudi ndani. Mke wangu anakwendea sokoni nayo, mie Jumapili asubuhi naondoka nayo kabla watu hawajaamka. Gari moja kazi mbili.

Segera_Junction

Likoni shukran sana, hoja ya gunia imenigusa. Ila roho yangu inataka nyuma isukume, nikizeeka bila kujaribu nitajuta.

Dada wa MR-S asante, hiyo ya ng'ombe nimemsomea mke wangu, kasema MR-S hapana.

Mzawa_Norwich

Wakuu niko Uingereza mashariki huku, mji wa Norwich. Kama nusu saa kwa gari kutoka kwangu kuna kijiji kinaitwa Hethel ndo kiwanda cha Lotus kilipo, kwa hiyo huu ugonjwa wa gari nyepesi huku uko kwenye maji ya kunywa. Mwanzilishi wao Colin Chapman maisha yake yote alikuwa anapunguza, wakati wengine wanaongeza farasi yeye anatoa chuma.

Nilikuwa na Elise ya 2007. Na mtacheka, injini yake ni hiyo hiyo 1ZZ aliyosema dada wa Moshi. Ndiyo, Lotus ina injini ya Wish. Lakini gari nzima ni kama kilo 860, sterlingi haina pawa kabisa, mwaka wa kwanza nilikuwa naendesha huku nimekenua meno. Niliipeleka mara mbili uwanja wa Snetterton hapa jirani, kuna watu walikuja na magari ya farasi 400, kwenye mstari ulionyooka wananiacha kama nimesimama, tukifika kwenye breki na kona nawakuta pale pale, na jioni mimi breki zangu bado mpya wao wanajadili bei ya diski.

Lakini msiote kuileta Tanga. Chasisi ni mabomba ya alumini yaliyogundishwa kwa gundi, ikipinda hakuna fundi wa kunyoosha, bodi ni faiba na mbele yote ni kipande kimoja, kwa hiyo ukigusana na bodaboda unanunua uso mzima. Na kuingia ndani yake kama una kitambi ni sarakasi. Mtoto alipozaliwa niliuza nikachukua MX-5, ndo hiyo hiyo Mazda Roadster kwa jina la huku, mpya kidogo, kizazi cha ND, injini ya 1.5.

Hapa ndo nataka kusema kitu. Nilidhani nitashuka daraja. Elise ni kali zaidi, hilo halina ubishi, lakini ile MX-5 naitumia mara kumi zaidi. Imeundwa na watu waliozipenda hizi roadster za Kiingereza za miaka ya 60, hasa Lotus Elan, wakachukua ladha ile wakaitengeneza kwa mikono ya Kijapani ikawa inawaka asubuhi. Ilionyeshwa Chicago mwezi wa pili 1989 na hadi 2016 walishatengeneza milioni moja. Wajapani wana neno lao, jinba ittai, mpanda farasi na farasi wake mwili mmoja. Nilikuwa nafikiri ni maneno ya matangazo hadi nilipoikalia. Injini iko mbele lakini imerudishwa nyuma ya ekseli, wewe umekaa karibu kabisa na tairi za nyuma, uzito nusu kwa nusu mbele na nyuma, na mkia ukitaka kutoka unakupigia hodi kwanza. Gia yake fupi, unabadilisha kwa kiwiko tu. Mara nyingine nabadilisha hata pasipo haja.

Ukipata yenye hali nzuri chukua hiyo kaka, usizunguke.

Kisahani_180

Mnaongea vizuri lakini bado viti viwili milioni 40. Haya.

Uyole_Boxer

Niko Mbeya nina 86 ya 2013, nisemee upande wangu kwa sababu naona imesahaulika.

Ni kama kilo 1,200 na kitu, kwa hiyo siyo nyepesi kama hizo nyingine ila ukilinganisha na Altezza umeshusha mzigo. Farasi 200, injini ya boksa ya Subaru CC 2000, silinda zimelala ubavu, iko chini kwa hiyo gari haiyumbi. Kitu ambacho watu hawaamini, Toyota waliipa tairi aina ile ile iliyokuwa inafungwa kwenye Prius, 215 tu, makusudi, ili isishike sana na mtu wa kawaida aisikie gari inacheza kwenye mwendo wa kawaida. Mtu wa kwanza anachofanya akiinunua anaweka tairi pana za mshiko, anaua kile kile alichokinunua. Mimi nilifanya hivyo nikarudisha za 215.

Kero: katikati ya mzunguko, kwenye 4,000 hivi, nguvu inalala kidogo halafu inaamka, ukiwa unapita lori kwenye mlima inakera. Plagi ziko ubavuni, kuzibadilisha fundi anatukana. Za 2012 na 2013 ziliitwa kiwandani kurekebishwa springi za valvu, kwa hiyo ukiagiza za miaka hiyo ulizia kama ilifanyika, maana kazi yenyewe ni kushusha injini. Yangu ilikuja imeshafanyiwa.

Uzuri, ina viti vya nyuma. Binadamu mzima hakai ila gunia linakaa, hata mawili, nimebeba sana viazi vya Tukuyu.

Kuhusu kodi, zote tatu za bajeti yako ukizitoa Japani leo zitakuwa zimevuka miaka 10 au ziko karibu, TRA wanaongeza ile ya uchakavu asilimia 30 kwa iliyozidi miaka 10 na asilimia 15 kwa ya miaka 8 hadi 10, juu ya ushuru wa forodha asilimia 25, ekisaizi (ushuru wa bidhaa) na VAT 18. Ile ekisaizi kwa CC 1001 hadi 2000 ni 5 tu, kwa hiyo hapo zote mko sawa. Ingia kwenye mfumo wao wa kukadiria uweke modeli kamili kabla hujatuma hela kwa mtu. Kwa milioni 40 nadhani 86 itakubana, Roadster ya kizazi cha pili itaingia na utabaki na za tairi.

mama_MRS

Segera, Jumamosi ijayo nashuka Tanga kwenye harusi. Kama uko njiani tukutane Mombo asubuhi nikupe gari upande nayo hadi Soni, mimi nitakaa pembeni. Kununua gari ya kona kwa kusoma ni kama kuoa kwa picha. Ila ukiachia mafuta ndani ya kona nakushusha.

Fundi_Bushi

Hilo ndo la maana, nenda.

Wakati unasubiri nikuachie ya kuangalia kwenye Roadster, nimeshughulikia tatu, mbili za kizazi cha kwanza NA na moja ya kizazi cha pili NB. Injini zake ngumu sana, 1.6 na 1.8 za chuma cha zamani. Zile 1.6 za mwanzo kabisa, 1989 hadi katikati ya 1991, zina kranki ya pua fupi, ile puli ya mbele inalegea na kuila ncha ya kranki, hizo ziache. Taimingi ni mkanda, unabadilishwa kila kilomita laki moja. Zikiwaka asubuhi NA zinagonga tik tik juu, ni valvu za haidroliki, mara nyingi oili safi inatosha. Silinda ndogo ya klachi kule chini huvuja, ni kitu cha bei ndogo.

Adui ni kutu. Maji ya kwenye turubai la juu yanashukia kwenye vitundu viwili nyuma ya viti halafu yanatokea chini. Vitundu vikiziba kwa majani, maji yanakaa ndani ya kizingiti cha mlango, pale mbele ya tairi ya nyuma, panaoza kutokea ndani na juu rangi inang'aa. NB inaongeza pengine, chasisi za mbele, zile mbili zinazobeba injini, zina tabaka mbili za bati na katikati zinaoza. Gari iliyokaa Hokkaido kwenye barafu na chumvi halafu uilete kwenye upepo wa bahari ya Tanga, miaka miwili unaendesha ukiwa unaona lami.

Kwa hiyo dai karatasi ya mnada wa Japani, ile ya ukaguzi wa gari, usikubali picha peke yake. Ule mchoro wa gari una herufi, A ni mkwaruzo, U kubonyea, W palipopigwa rangi baada ya kunyooshwa, XX kipande kimebadilishwa. Hizo za kuishi nazo zipo. Ukiona S ni kutu, ukiona C ni kutu iliyokula. Na ikiandikwa R au RA badala ya namba ya daraja, ilishagongwa ikatengenezwa. Kwa gari ya kona chasisi ikiwa imepinda hata alaimenti haishiki.

Matuta utayazoea, unaingia kwa mshazari, tairi moja moja. Usishushe springi! Kila kijana akinunua anashusha, halafu shokapu inabaki haina nafasi ya kufanya kazi, kona yenye shimo gari inaruka pembeni.

Segera_Junction

Nimerudi wakuu. Jumamosi tulikutana na dada pale Mombo saa moja asubuhi, ukungu bado uko juu kule. Kwanza kaniendesha yeye kona kama kumi, jamani huyu mama anaendesha, hakimbii kabisa, ila gari haikustuka hata mara moja. Halafu akanipa.

Sijui niseme nini. Hadi maporomoko ya Soni sikuvuka gia ya tatu, mshale kati ya 40 na 60, na nilishuka mikono inatetemeka. Kuna kona moja kabla ya kufika, inajikunja mara ya pili ukidhani imeisha, Altezza pale huwa naogopa, hii niliongeza sterlingi kidogo tu ikakubali. Nilikosea mara moja nikataka kuachia mafuta, akanipiga kofi la goti.

Kwa hiyo uzito nimeuelewa, simulizi za farasi nimeziacha. Lakini MR-S siyo yangu, nimeona kisanduku cha nyuma kwa macho, na kwa ile hofu ya mkia mke wangu hatalala. Nimeamua NB, ya 1.8 au 1.6 yoyote itakayokuwa haijaoza, buti lake nimeona mtandaoni linapokea nusu gunia. Mama mkwe nitamwambia Altezza iko gereji.

Jana wakala kanitumia karatasi ya kwanza, NB ya 2001, manyuo, kilomita 98,000, daraja 3.5. Kwenye mchoro kuna A nne, W moja fenda ya kushoto, na C mbili chini ya mlango wa kulia karibu na tairi ya nyuma. Bei iko chini kuliko nilizoziona zote. Fundi?

Fundi_Bushi

C mbili mahali pale pale nilipokwambia, na bei ndogo. Achana nayo, subiri nyingine.

Segera_Junction

Nimeiacha, japo roho imeuma, rangi ilikuwa ile ya kijani ya Kiingereza. Alhamisi napeleka Altezza kubadilishwa bushi zote za mbele na bol-joint. Namba ya DOT ya tairi nimesoma, 0914.

Kisahani_180

0914?? Mkuu hizo tairi zimemaliza darasa la saba. Badilisha leo.